Zilipendwa zilizolala vihambani: mwongozo kamili wa kuwinda, kusafisha na kunakili rekodi adimu Arusha na Moshi

Kwenye makundi ya wapenzi wa zilipendwa kuna ubishi usiokwisha: kibao fulani ni cha Simba Wanyika au cha Les Wanyika? Mmoja anaapa kwa sauti ya mwimbaji, mwingine anasema gitaa la rithimu haliwezi kumdanganya, wa tatu anatuma faili aliloshusha mtandaoni lenye jina la bendi isiyohusika kabisa. Kelele zinakatika pale tu mtu anapotuma picha ya lebo ya santuri yenyewe. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwa huyo mwenye picha.

Na sisi wa Kaskazini tuna sababu ya kujihusisha. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, walianzia Tanga na Jamhuri Jazz, wakaja Arusha wakaunda Arusha Jazz, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga na kuunda Les Wanyika, wakiwa na Omar Shabani kwenye rithimu. Issa Juma naye akaendelea na Super Wanyika yake. Jina moja, bendi nyingi, na mzizi mmoja umepita hapahapa mjini kwetu. Anayedhani rekodi za kipindi hicho zimebaki Nairobi na Ulaya tu hajawahi kufunguliwa sanduku la bati kule Kibosho, Moshi vijijini.

Hatua ya kwanza: jua unachokitafuta

Muziki wa dansi wa Tanzania ulirekodiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia, ikarekodi, wimbo ukasikika nchi nzima, lakini dukani haukufika. Ya pili ni Nairobi, ambako kampuni za santuri zilirekodi bendi zetu, zikachapa na kuuza. Hapa kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuwa na matoleo mawili, la redio na la santuri, yanayotofautiana urefu, mwendo, beti, hata mwimbaji. Wengi wanaobishana kwenye makundi wote wako sahihi. Kila mmoja analikumbuka toleo lake.

Kisha kuna mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Kwa mtu wa Namanga au Holili hiyo haikuwa habari ya gazetini, ilikuwa maisha. Kwa mwindaji wa santuri maana yake ni kwamba za kabla ya 1977 ziliingia kwa njia halali na ziko nyingi kuliko unavyodhani, na za baada ya hapo zilipita njia za panya au hazikupita kabisa. Kipindi hicho watu walikuwa wanajirekodia wenyewe kutoka redioni.

Ukiwa na hayo kichwani, utakayokutana nayo ni haya. Santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, za hadi miaka ya 1960, zinazovunjika kama kigae. Santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo ndizo mkate wa kila siku wa dansi. Santuri kubwa za mizunguko 33, nyingi zikiwa ni mkusanyiko wa vibao vilivyokwisha kutoka kwenye 45. Mfululizo wa Ukumbusho wa Mbaraka Mwinshehe, uliotolewa baada ya kufariki Januari 1979, ni mfano unaojulikana na wengi. Halafu kaseti za dukani, na kaseti za nyumbani zilizorekodiwa redioni.

Mimi hizi za mwisho nazipa nafasi ya kwanza. Santuri ilichapwa kwa mamia au maelfu, ipo nyingine mahali fulani. Kaseti aliyoirekodi mtu wa Majengo kutoka kipindi cha Klabu Raha Leo, mtangazaji akiwa bado anazungumza juu ya gitaa la mwanzo, huenda ni hiyo moja tu duniani.

Na msidharau vya juzi. Kaseti na CD za mwanzo za hip hop ya Arusha, enzi za X Plastaz waliokusanyika 1996, zinapotea kwa kasi kuliko santuri za baba zao. CD iliyochomwa nyumbani hufa kimyakimya. Ukiipata leo, inakili leo.

Hatua ya pili: tafuta mahali sahihi kwa wakati sahihi

Sokoni utapata, ila kwa bahati. Memorial na Kiboriloni kule Moshi, Kilombero na Mbauda hapa Arusha, Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi. Usiwaulize wauza nguo, waulize wauza vyuma chakavu na vifaa vya umeme vilivyotumika. Hao hununua redio mbovu kwa kilo na ndani ya redio hukuta kaseti imesahaulika.

Mafundi redio ni bora zaidi. Fundi mkongwe wa Kaloleni, Arusha, au Kiusa, Moshi, anajua nani mtaani alikuwa na gramafoni, nani alimletea deki ikashindikana kupona, na mara nyingi ana boksi la kaseti za wateja ambao hawakurudi. Mpe kazi kwanza. Mpelekee kitu akutengenezee, mlipe vizuri, ndipo uulize.

Lakini ghala lenyewe liko vihambani, kwenye mashamba ya ukoo ya Wachaga. Familia nyingi za Kilimanjaro zilinunua gramafoni wakati kahawa inalipa, na wafanyakazi wa reli na wa viwanda wakaleta santuri kutoka Tanga, Dar na Nairobi. Mali hiyo haikutupwa. Iliwekwa darini, chini ya kitanda cha bibi, kwenye kabati la nyumba ya zamani iliyojengewa mpya mbele yake. Na mwezi wa kuipata ni Desemba. Wachaga wamerudi nyumbani kutoka kila pembe, nyumba imefunguliwa, usafi unafanyika, na mwenye uamuzi yupo. Nenda Machame au Marangu mwezi Mei utakuta mlinzi wa nyumba asiyeweza kukupa hata glasi ya maji bila kupiga simu Dar.

Kuna mahali pasipofaa kuulizia: msibani. Hata kama marehemu alikuwa na santuri ukuta mzima, acha familia imalize mambo yake. Ukitangulia, utapewa jibu la hapana ambalo halitabadilika.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukianza na “mnazo santuri za zamani mniuzie?” mzee anakuona dalali, na bei inapanda kabla hajasimama. Anza na muziki:

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, hujambo mwanangu?”

“Sijambo. Nasikia enzi zako hapa ndipo mtaa mzima ulikuwa unakuja kusikiliza muziki.”

Hapo nyamaza. Atakayoyasema katika dakika kumi zinazofuata yana thamani kuliko anachokwenda kukutolea ndani. Omba ruhusa, weka simu irekodi. Akikwama, mpigie kwenye simu kibao cha bendi za enzi hizo kama Cuban Marimba au Western Jazz. Kumbukumbu za muziki hufunguliwa kwa muziki.

Mimi napendelea kuazima kuliko kununua. Sauti unaipata, mali inabaki kwa mwenyewe, na mlango unabaki wazi kwa safari nyingine. Andikeni karatasi ndogo: idadi ya vitu, hali yake, siku ya kurudisha, mpige picha vyote vikiwa mezani. Ukinunua, nunua mbele ya mtu mwingine wa nyumba hiyo, maana kijana anaweza kukuuzia usiku kitu ambacho baba yake atakifuata asubuhi.

Hatua ya tatu: isome kabla ya kuipiga

Piga picha lebo pande zote mbili, kwa mwanga wa dirishani, bila flashi. Kwenye lebo kuna jina la wimbo, bendi, mtunzi na namba ya kampuni. Santuri za Polydor za Kenya hutumia herufi POL, za Philips hutumia HL. Namba hiyo hukusaidia kupanga ipi ilitangulia ipi hata pasipokuwa na mwaka, ingawa mpangilio wa namba si kalenda kamili.

Kisha tafuta namba ya pili ambayo wengi hawaijui. Igeuze santuri polepole chini ya tochi ya simu, mwanga ukiingia kwa ubavu. Kwenye ile sehemu laini kati ya mwisho wa mistari na lebo utaona herufi na namba zimechongwa kwenye plastiki, nyingine kwa mashine na nyingine kwa mkono wa mtu kabisa, zimepinda. Hiyo ni namba ya bamba lililotumika kuchapa. Lebo inaweza kubandikwa upande usio wake kiwandani, na imetokea. Namba iliyochongwa haiwezi kuhama. Kama upande A unaimba wimbo ulioandikwa upande B, namba hii ndiyo inayokata kesi.

Angalia na maneno “sehemu ya 1” na “sehemu ya 2”. Santuri ya 45 haibebi kibao kirefu upande mmoja, kwa hiyo walikata katikati: maneno upande A, na ile sehemu ya kuchemka ambako magitaa na saksafoni vinafunguliwa ikahamia upande B. Faili nyingi zinazozunguka mtandaoni zimebeba upande A peke yake. Watu wamekua wakidhani wimbo unaishia pale.

Hatua ya nne: safisha

Kanuni kubwa ni moja: santuri ya 78 isiguswe na spiriti ya aina yoyote. Imetengenezwa kwa utomvu ambao spiriti huuyeyusha, na mistari ikishalainika hairudi. Tumia maji yaliyotoneshwa (distilled) na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko, kausha upesi, usiloweshe lebo.

Za 45 na 33 ni plastiki, zinavumilia. Changanya maji yaliyotoneshwa na spiriti kidogo ya isopropili, sehemu moja kwa nne hivi, na tone la sabuni, kisha suuza kwa maji matupu yaleyale. Maji ya bomba ya Arusha achana nayo. Yana madini mengi (wengine tumeyabeba kwenye meno), na yakikauka madini hubaki kwenye mistari na kuwa makelele. Maji yaliyotoneshwa yanapatikana kwenye maduka ya vipuri vya magari kama maji ya kuongezea kwenye betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu jirani yake kwenye shelfu ni asidi.

Kaseti za upande wa mlimani zina ugonjwa wake, ukungu. Shikilia kaseti kwenye mwanga uone kupitia kidirisha: ukiona weupe kama unga kwenye ukingo wa utepe, usiitie kwenye deki nzuri, itachafua kichwa na kuambukiza zinazofuata. Iache ikauke ndani, mahali pakavu, mbali na jua. Fungua ganda, liwe la skrubu au la gundi, toa utepe na magurudumu yake, pangusa ukungu kwa brashi laini ukiwa nje na barakoa usoni, kisha hamishia kwenye ganda la skrubu la kaseti nyingine. Kile kisponji kidogo kinachobana utepe kwenye kichwa hudondoka mara nyingi. Bila hicho sauti hufifia na watu hudhani kaseti imekufa.

Kabla ya kunakili, vunja vile vijipembe viwili mgongoni mwa kaseti kama bado vipo. Kidole kimoja kwenye kitufe chekundu kimeshafuta mengi nchi hii.

Hatua ya tano: nakili

Kwa santuri unahitaji mashine yenye sindano nzima, kikuza sauti maalumu cha santuri (fono), na kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti ya laini. Tundu la maiki la laptopu si mbadala: linapokea upande mmoja na linakwaruza. Vile visanduku vya kisasa vya kupigia santuri vinavyouzwa kwa urembo viache. Vingi sindano zao ni nzito na zinakwangua.

Hakikisha kasi. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani ya mashine, hesabu mizunguko kwa dakika nzima. Ikiwa 47 badala ya 45, mwimbaji atasikika mwembamba na wimbo utakuwa mfupi, na ubishi mpya utazaliwa kwenye kundi.

Santuri za 78 zina mistari mipana na zinataka sindano pana, mikroni 75 hivi, wakati ya santuri za plastiki ni kati ya 18 na 25. Sindano nyembamba inazama hadi chini kwenye uchafu na kutoa mvumo mtupu. Kama mashine yako haina kasi ya 78 lakini sindano unayo, piga kwa 45 kisha sahihisha kasi kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ambayo ni bure na ina chaguo hilo tayari.

Rekodi kwa stereo hata kama santuri ni mono. Ukuta mmoja wa mstari huwa umeliwa kuliko mwingine, na baadaye utachagua upande uliosalimika. Weka biti 24, kilohezi 48 au 96, umbizo la WAV. Kilele cha sauti kisivuke desibeli −6. Kwa kilohezi 96, dakika moja hula megabaiti 35 hivi, kwa hiyo diski ya nje siyo anasa. Ukibana faili kwa umbizo la FLAC nafasi hupungua karibu nusu na sauti haipotezi kitu. Ukisikia mvumo wa umeme, chomoa chaja, acha laptopu itumie betri. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Kwenye kaseti, kazi yenyewe ni skrubu moja. Kando ya kichwa cha deki kuna skrubu mbili, na moja ina springi: hiyo ndiyo inayokiinamisha kichwa kushoto au kulia. Kila redio kaseti ilirekodi kwa mwinamo wake, hivyo kaseti ya mtu wa Pasua ikipigwa kwenye deki yako husikika kana kwamba bendi iko nyuma ya blanketi. Weka sehemu yenye matoazi, sikiliza kwa hedifoni upande wa mono, zungusha skrubu kidogo sana kwa bisibisi nyembamba. Ghafla matoazi yanang'aa na herufi “s” za mwimbaji zinarudi. Simama hapo. Fanya hivyo kwa kila kaseti. Kitufe cha Dolby, cha kupunguza kelele za utepe, kizime, kwa sababu rekodi nyingi za nyumbani hazikuitumia. Vichwa visafishwe kwa isopropili ya asilimia 90 na zaidi, si spiriti ya vidonda yenye mafuta wala ya rangi.

Usikate sauti ya mtangazaji. Anataja bendi, wakati mwingine siku, na salamu za msikilizaji wa Bukoba zinakuambia wimbo ulikuwa unapendwa wapi. Ukitaka nakala safi ya kusikiliza, tengeneza ya pili, lakini ile mbichi ibaki nzima. Hivyohivyo kwa programu za kuondoa mikwaruzo: zikizidi, zinaondoa na marakasi.

Hatua ya sita: andika

Faili linaloitwa “Track 03” halina tofauti na kelele za jirani. Jina la faili liwe na bendi, wimbo, namba ya lebo na upande. Pembeni yake weka faili la maandishi: nani alikuwa na kitu hiki, alikipata wapi, namba iliyochongwa, kasi uliyotumia, mashine gani, na picha za lebo. Jina la mwenye mali liandike kwako tu, usilitangaze bila ruhusa. Mtu akijulikana ana santuri atapigiwa hodi na watu asiowajua.

Majina ya wapigaji andika pamoja na aliyekuambia. Wazee wawili wakitofautiana juu ya nani alipiga solo, andika wote wawili. Wanamuziki wa wakati ule walihamahama bendi kila mwaka, na anayesimulia huwa anakumbuka safu aliyoiona yeye ukumbini, siyo iliyoingia studio.

Hatua ya saba: badilishana bila kuharibu

Ukituma kwenye kundi, tuma kama dokumenti, ikiambatana na picha ya lebo na mistari mitatu ya maelezo. Usirekodi kwa kushikilia simu mbele ya spika. Ujumbe wa sauti wa namna hiyo husambaa haraka kuliko nakala nzuri na ndio unaobaki. Ukiomba kitu, toa na chako.

Haki za wenyewe zipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiyo inayoisimamia. Kuchoma vibao vya watu na kuviuza stendi ni wizi, hata uviite zilipendwa. Ukipata mtu wa nje anayetaka kutoa upya rekodi uliyonakili, usijifanye mwenye mali. Mwelekeze kwa mwanamuziki, au kwa familia yake, kisha kwa COSOTA.

Nakala ziwe tatu: kwenye diski, kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ya mwenye santuri mwenyewe, ambayo umpelekee siku unayorudisha mali yake. Hiyo iweke kwenye flashi ndogo iliyofomatiwa FAT32, na nyimbo ziwe MP3, kwa sababu sabufa nyingi za majumbani hazisomi FLAC wala flashi za umbizo jingine. Ijaribu kwenye sabufa yake kabla hujaaga.